Aliyefunga Tanuri Lililomsomesha

Wasifu wa marehemu mama yetu, 1957–2024
Unasomwa na bintiye wa kwanza

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, ofisini mlimwita Mkaguzi. Mtaani mlimwita Bi Kufuli, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa mazoea, na mwishoni kwa mapenzi. Sisi tulimwita Mama. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, nami nimejitahidi kuziandika kama zilivyokuwa, kwa sababu Mama hakupenda sifa zisizopimwa. Tukiwa msibani, marehemu wa watu akisifiwa kupita kiasi, alikuwa akininong'oneza, "Huyu wanayemzika leo ni nani? Mimi simjui." Leo sitaki aniulize hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Babu yetu alikuwa mpaka rangi, bibi alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule. Kaka yake, ambaye ni mjomba wetu, alimtangulia kwa miaka saba, na ndiye aliyemfundisha kutembea, kupiga mluzi na kubishana. Mwaka 1967 babu alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi ukuta wa ghorofa, na hakuamka tena. Mjomba alikuwa na miaka kumi na saba. Kabla turubai la msiba halijakunjwa, alikuwa amekwisha kuacha shule na kwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari, mwisho wa mtaa wao. Pale betri zilipasuliwa kwa shoka, asidi ikamwagwa mtaroni, na mabamba ya risasi, yale madini mazito ya kijivu, yakatupwa kwenye tanuri yakayeyuke na kumiminwa upya. Moshi ulishuka juu ya mabati ya majirani wote. Ilikuwa kazi ngumu, lakini ilikuwa kazi. Bibi alikuwa akisema kwamba nyumba yake imesimama kwa nguzo mbili, cherehani na tanuri.

Mama alisoma shule ya msingi ya mtaani, akafaulu kwenda sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1971. Ada, sanduku, viatu na sabuni vilitoka kwenye mshahara wa mjomba. Naye Mama akiwa likizo alilipa kwa mikono yake: kila Jumamosi alifua ovaroli za kaka yake uani. Alizikung'uta kwanza, vumbi likapaa, kisha akazisugua mpaka maji yawe kama uji wa majivu. Alituambia kwamba hakuna kazi aliyoifanya kwa fahari kama ile.

Akiwa kidato cha tatu, mwalimu wa kemia aliandika ubaoni sifa za risasi. Ni nzito, ni laini, huyeyuka upesi. Sifa ya mwisho ilikuwa neno moja, sumu. Mama alinyoosha mkono akauliza, sumu kwa nani? Mwalimu akajibu kwamba kwa yeyote. Likizo iliyofuata alimkataza kaka yake kugusa chakula kabla hajanawa kwa sabuni. Mjomba alicheka, akasema mikono ile ile imemlisha miaka yote na bado ananenepa. Lakini alinawa. Mama alisema baadaye kwamba huo ndio ulikuwa ukaguzi wake wa kwanza, na kwamba ni wakaguliwa wachache waliotii siku hiyo hiyo kama kaka yake.

Aliendelea na masomo ya kemia chuo kikuu, akahitimu mwaka 1980. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye maabara ya serikali, akapima maji ya visima, pombe za wauzaji na dawa za mifugo. Mwaka 1989 ilipopitishwa sheria ya kusimamia kemikali za sumu, alikuwa miongoni mwa wakaguzi wa mwanzo. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na feni iliyozunguka ikipenda. Wengi hawakujua kazi yao ni nini. Walidhani wanauza dawa ya mende.

Wenzake wanakumbuka siku alipoingia kwenye duka la rejareja, akakuta sumu ya panya, unga mweupe, imefungwa kwenye vifuko vya nailoni na kupangwa rafu moja na sukari. Mwenye duka alijitetea kwamba wateja wake wanajua kutofautisha. Mama hakubishana. Alinunua kifuko cha sumu na kifuko cha sukari, akamwomba mwenye duka ageuke, akavichanganya mezani, kisha akamwambia achague kimoja akitie kwenye chai yake mwenyewe. Yule bwana alivitazama vifuko kwa muda, akaguna, akasema, "Mimi leo nakunywa bila sukari." Akaihamisha sumu kwa mkono wake. Mama hakumtoza faini. Alisema faini hukumbukwa mpaka ilipwe, lakini chai ile ataikumbuka kila asubuhi.

Alifunga ndoa na baba yetu tarehe 18 Agosti 1984. Baba alikuwa mtunza ghala wa hospitali, na walifahamiana Mama alipokwenda kupima dawa za kusafishia, akakuta asidi na dawa ya madoa zimelala pamoja kwenye rafu ya chini. Alimweleza kwamba hivyo viwili vikikutana vitatoa hewa ya kuua watu, akakataa kuondoka mpaka vitenganishwe. Baba husema, "Nilitenganishwa na chupa zangu, nikaunganishwa na mkaguzi." Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani kwetu mafuta ya taa yalikaa kwenye kabati lenye komeo, na chupa ya soda ilikuwa na soda au ilikuwa tupu. Hapakuwa na jambo la tatu. Majirani walitania kwamba kwa Mkaguzi hata chumvi ina kibandiko.

Sasa nifike mwaka 1998, kwa sababu maisha ya Mama hayasemeki bila mwaka huo.

Mwalimu wa chekechea iliyokuwa mtaa ule wa tanuri alikwenda ofisini kwao. Alieleza kwamba watoto wake wanalalamika tumbo, wanasahau leo walichojua jana, na wawili wamepata kifafa ambacho kwao hakipo. Hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa na wasiwasi tu, na Mama aliuheshimu wasiwasi wake. Lakini alimwambia mkuu wake ukweli: msimamizi wa tanuri lile ni kaka yake wa tumbo moja, na yeye mwenyewe amesoma kwa mshahara wake, kwa hiyo apelekwe mkaguzi mwingine. Akapelekwa mwingine. Walichukua udongo, vumbi la madirishani, na damu ya watoto kwa ridhaa ya wazazi wao. Majibu yaliporudi, risasi kwenye damu ya watoto wale ilikuwa juu sana kuliko kiasi ambacho daktari yeyote angekivumilia kwa mtoto wake.

Amri ya kufunga ilihitaji sahihi ya mkuu wa kitengo, na mkuu wa kitengo alikuwa Mama. Angeweza kuomba likizo, angeweza kuugua. Mkuu wake alimdokeza kwamba naibu anaweza kusaini, hakuna atakayemlaumu. Mama aliomba apewe siku ile moja. Hakwenda kufikiri. Alikwenda nyumbani kwa kaka yake, mchana, akamkuta amekaa barazani na ovaroli yake akipumzika zamu, akamwambia yeye mwenyewe kabla mtu mwingine hajamwambia. Mazungumzo yale mjomba ametusimulia mara nyingi, na ameniruhusu kuyasoma.

Mjomba alisema, "Tanuri hilo ndilo lililokusomesha."

"Najua, kaka. Ndiyo maana nimeweza kuyasoma haya majibu."

"Na watu wote walio chini yangu, kesho watakula nini?"

Mama alisema, "Sijui."

Mjomba anasema angeweza kuvumilia jibu lolote isipokuwa hilo. Aliingia ndani akafunga mlango. Kesho yake Mama alisaini, akaenda na wenzake getini, akaweka mnyororo na kufuli mbele ya wafanyakazi waliosimama na vifuko vyao vya chakula. Msimamizi alipaswa kukabidhi funguo. Mjomba alizikabidhi kwa mkaguzi mwingine, akampita dada yake kama anavyopita mlingoti. Sauti moja nyuma ya umati ikaita, "Bi Kufuli!" Jina likashika.

Mwenye kiwanda alikwenda mahakamani, na kesi ikaburuzwa mpaka mwaka 2000. Wakili wake hakuvibishia sana vipimo. Alimgeukia Mama. Alimuuliza inakuwaje familia yake ilikula kwa moshi ule miaka yote, na leo ndiyo unanuka. Watu mahakamani walicheka. Mama alijibu kwamba ulinuka tangu zamani. "Sheria ilichelewa," alisema, "na mimi nilichelewa pamoja nayo." Alipotoka pale alikuwa ameshinda, lakini alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Baba alimuuliza kama amri imebaki. Akasema imebaki. Akasema pia kwamba kufuli ni kitu rahisi, kila duka linauza, na kwamba serikali inayojua kufunga tu haijaanza kazi.

Maneno hayo hakuyaacha jikoni. Alikwenda wizara kwa wizara akitafuta namna kiwanda kile kifunguliwe upya, mbali na nyumba za watu, kikiwa na vichujio vya kunasa moshi, mashine za kuvunja betri zilizofunikwa, na mahali pa kuoga. Ofisi moja ilimtuma nyingine, na ile nyingine ikamrudisha ya kwanza. Alikuwa akituambia kwamba amezungushwa mpaka walinzi wa milango wanamuulizia hali ya watoto. Wakati huo huo, mama mmoja muuza mboga, ambaye mumewe alikuwa mchomaji pale kiwandani, alikataa kumuuzia. Mama hakuhama kwenda meza nyingine. Kila Ijumaa alipita, akasalimu, akanyimwa, akaaga kwa adabu. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla yule mama hajachoka na kumwekea fungu.

Mjomba ndiye ambaye hakuchoka. Kwa miaka minne hakumsemesha dada yake. Kila Jumapili wote wawili walikwenda kwa bibi, kwa maana bibi hakukubali kisingizio, wakakaa meza moja na kuzungumza kupitia kwake. "Mama, mwambie afisa wa serikali asogeze chumvi." "Mama, mwambie kaka kwamba chumvi si nzuri kwa umri wake." Bibi alikuwa akipitisha maneno hayo kwa uso mkavu kabisa kama mkalimani wa mkutano wa mataifa. Siku bibi alipokwenda kusalimia jirani, tulimsikia mjomba akimwambia paka amwambie afisa kwamba chai imepoa. Sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa. Mama naye alicheka, lakini njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yetu peke yake.

Jumapili moja mwaka 2002, mjomba alinyoosha mkono kuchukua kikombe na mkono haukumtii. Kiganja kilining'inia kwenye kifundo kama nguo iliyotundikwa vibaya. Alijaribu tena, chai ikamwagika. Kumbe alikuwa ameficha hali ile, ya mikono yote miwili, kwa miezi, akifunga vifungo vya shati kwa msaada wa mkewe. Mama aliinuka, akazunguka meza, akakishika kikombe akakiweka kwenye midomo ya kaka yake, naye akanywa. Alipomaliza, mjomba alimgeukia bibi, akaanza, "Mama, mwambie mwanao..." Akaishia hapo. Akamtazama dada yake usoni.

"Nipeleke," alisema.

Mama alimpeleka. Walikaa kwenye benchi la hospitali wakisubiri majibu ya damu, ambayo wote wawili waliyajua. Mama hakutaja tanuri. Mjomba ndiye aliyesema, "Nimekukasirikia miaka yote hii kwa sababu ulikuwa sahihi. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe mapema."

Matibabu yalichukua muda. Mkono wa kushoto ulirudi, wa kulia ulirudi nusu. Mwaka 2004 serikali ilipoandaa kanuni za viwanda vya kuyeyusha betri, Mama alitaka iingizwe kanuni kwamba mfanyakazi aoge na abadilishe nguo kabla ya kutoka getini, na nguo za kazini zifuliwe kiwandani. Wenye viwanda walilalamikia gharama ya maji. Kwenye kikao kile mjomba alikuwa amealikwa kuwasemea wafanyakazi. Alisimama, akauinua mkono wa kulia kwa kuushika na wa kushoto ili wauone, akasema kwamba huu ni wake, ameshauzoea. Kisha akawaeleza kwamba miaka yake yote ya kazi alirudi nyumbani jioni na kujilaza kwenye mkeka na ovaroli yake, na kitinda mimba wake alikuwa akilala usingizi juu ya kifua chake. Akakaa. Kanuni ilipita bila kupigiwa kura. Kiwanda kipya kilifunguliwa mwaka uliofuata, na wengi wa wafanyakazi wa zamani walipata kazi, ingawa si wote. Mama aliwataja wasiopata kila alipopongezwa. Bibi alifariki mwaka 2008 akiwaona wanawe wakigombana uso kwa uso, kama watu wazima.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Kustaafu kwake kulikuwa kwa mshahara tu. Aliendelea kusoma maandishi madogo nyuma ya kila chupa dukani, foleni ikisubiri, huku wajukuu wakijifanya hawamjui. Alipanda maua, akasoma magazeti ya juzi, akawafundisha vijana wa ofisini waliokuja kumuuliza mambo. Aliwaambia kwamba mkaguzi akifurahia kufunga mahali, ahamishiwe idara nyingine.

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba, na hospitali ikagundua kwamba figo zake zimechoka. Daktari, kijana makini, alimuuliza kama amewahi kufanya kazi na risasi. Mama alisema hapana, yeye alikuwa mtu wa karatasi na vipimo. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba utotoni alifua nguo. Mjomba alikuwa amekaa pembeni yake. Alimwomba daktari aseme wazi kama ni zile ovaroli. Daktari alisema kwamba baada ya miaka hamsini hakuna kipimo kinachoweza kuapa. Huenda ni hizo, huenda ni shinikizo la damu, huenda ni yote mawili.

Mjomba alianza kulia palepale kwenye kiti. Mama alimshika ule mkono wa kulia. Alimwambia, "Kaka, ulikuwa na miaka kumi na saba. Hakuna mtu aliyekuambia. Kama kuna wa kulaumiwa, ni wale waliojua na hawakuandika kanuni." Kisha, kwa kuwa Mama ni Mama, akamuuliza daktari taka za wodi ile hutupwa wapi.

Kwa miaka mitatu alisafishwa damu hospitalini, baba akiwa naye karibu kila mara. Hakujifanya jasiri. Siku nyingine alisema amechoka, siku nyingine aliogopa, na siku nyingine aliwachekesha wagonjwa wenzake mpaka wauguzi wakaja kutazama kuna nini. Wiki yake ya mwisho aliniita akasema nisiandike kwamba aliokoa watoto. Alisema wengine hawakuokoka. Kuna waliokua na akili iliyopungua, na mama zao bado wanaishi mtaa ule, na kama nikisoma maneno matamu mbele yao nitakuwa nimewaumiza mara ya pili. Nilimuuliza basi niandike nini. Akasema, "Andika kwamba nilichelewa, halafu nikaja." Nimeandika, Mama.

Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, akiwa nyumbani, dirisha likiwa wazi, baba na mjomba wakiwa wameketi kila mmoja upande wake wa kitanda. Walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu nani amletee maji. Tunaamini aliwasikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na majirani waliokuja hata kama zamani hawakumpenda. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mama muuza mboga, ambaye tangu Jumatano yuko jikoni kwetu na amekataa kukaa.

Marehemu ameacha mume, baba yetu, aliyeishi naye miaka arobaini. Watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Wakwe wawili, wajukuu watano, na wa sita anayetarajiwa mwezi wa Desemba. Ameacha wifi aliyekuwa kwake kama dada, na watoto wa kaka yake wanne aliowalea kama wake. Na ameacha kaka, mwenye miaka sabini na minne, ambaye jana jioni tulimwomba achague neno la kumuaga dada yake kwa niaba yetu sote. Alisema yeye si msemaji, lakini miaka minne aliyonyamaza ilikuwa mingi mno, kwa hiyo leo atamsemesha. Tutamsikiliza mara nimalizapo.

Amefanya kazi, amechoka, amelala. Alale kwa amani.